Sarafu za Baba Hazikuwa Chafu

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye kicheni pati Kinondoni, na meza yetu ilikuwa ya watu tuliokua pamoja. Devota, aliyekuwa jirani yangu tangu sijaota meno ya pili, akanishika bega na kuwaambia wenzetu, "Huyu mnayemwona, mama yake alikuwa anafuga msukule kwenye bakuli!" Meza ikaangua kicheko. "Na mwenyewe ndiye alituambia. Mdomo wake huo huo!" Wakacheka tena, na mie nikacheka nao. Hicho kicheko changu ndicho kinachonichoma hadi leo. Nilirudi nyumbani nimevimba, na sijapoa. Kwa hiyo nayaandika yalivyokuwa, kwa ajili yenu wa rika langu, mnaokumbuka jinsi neno la mtoto lilivyoweza kuvuka ua wa michongoma asubuhi na jioni likarudi limeota mapembe.

Tulikaa Gongo la Mboto, ndani kidogo kutoka barabara ya Pugu, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga chumba kimoja kimoja kadiri alivyopata. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, mtu wa Songea, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Kabla hajamwoa mama alikuwa seminari akisomea upadri. Wenzake walikiogopa Kilatini, yeye alikipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Siku aliyoaga, kwamba upadri basi, anataka mke na watoto, mwalimu wake wa Kilatini, padri mzee Mtaliano, hakumgombeza. Alimpa kifuko cha ngozi. Ndani mlikuwa na sarafu za Warumi wa kale, ambazo baba mzazi wa padri huyo alikuwa akiziokota shambani kwao kila alipolima.

Msifikirie dhahabu. Vilikuwa vidude vya shaba, kimoja si kikubwa kuliko kifungo cha koti, vimegandwa na udongo mgumu, na pale udongo ulipobanduka palionekana ukoko wa kijani. Vilinuka kama ufunguo ulioshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Mama aliviita "uchafu wa Roma". Kila alipofanya usafi wa kabati alikuwa na swali lile lile.

"Baba Tuma, si uzioshe tu? Ndimu na majivu, zinatakata sasa hivi."

"Zitatakata kweli," baba alimjibu. "Zitang'aa kama sufuria. Ila hazitakuwa na mtu."

Kisha alitueleza, kwa ile sauti ya darasani. Ardhi imeila shaba kwa karne nyingi. Sura ya mfalme aliyechongwa pale haiko tena kwenye shaba yenyewe, imehamia kwenye ule ukoko wa kijani. Ukiukwangua ukoko, umemkwangua mfalme. Lakini ukiacha udongo ulio juu ya ukoko, humwoni mfalme. Kazi yote iko kwenye mpaka wa hivyo viwili, mpaka mwembamba kama unywele, na baba hakuwa na hakika kwamba mkono wake ungeuona. Padri alimwonya: ukiwa na haraka, usiziguse. Baba alikuwa na vipindi vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha, nyumba ya kuezeka. Alikuwa na haraka miaka yote. Kwa hiyo hakuzigusa, akazipenda hivyo hivyo na udongo wake.

Alizigusa alipougua. Ini lilimsumbua, hospitali wakamwambia akapumzike nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani baba akawa na mchana mzima usio na kazi. Aliketi dirishani na bakuli la bati mapajani. Alizilowesha sarafu kwenye maji ya betri, si asidi, yale maji masafi yasiyo na chumvi ambayo mafundi wa magari huongezea kwenye betri. Akachuma mwiba wa mlimau uani kwetu, akachagua sarafu moja, akaanza kuutoa udongo punje kwa punje. Mie nilikaa miguuni pake. Nilikuwa darasa la kwanza.

"Kuna mtu humu ndani, Tuma," aliniambia. "Kafunikwa na udongo muda mrefu sana. Tunamtoa taratibu tusije tukamuumiza."

"Anatuona?"

"Bado. Hatujafika machoni."

Siku nyingine nilikuta amezitoa ncha za taji, kama miale ya jua inayochorwa na watoto, na chini yake sikio. Sikio dogo la kijani, zuri kabisa. Nilimsogezea mdomo yule mtu nikamwamkia, shikamoo, maana alikuwa mzee. Baba alicheka mpaka akashika ubavu.

Hakufika machoni. Alifariki kabla ya mvua za masika, na tukamzika hapa hapa Dar.

Watu wazima kila mmoja aliniambia lake. Mmoja alisema baba amesafiri, mwingine baba amelala, mwingine baba yuko kwa Mungu anatuangalia. Mie nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba walimshusha na kumfunika kwa udongo, wakiupiga kwa mgongo wa koleo ushikamane.

Mama alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali mjini. Alirudi kazini baada ya arobaini. Jioni ya kwanza alipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, hakwenda jikoni, akakaa kwenye kiti cha baba dirishani. Akalichukua lile bakuli. Alikaa nalo tu. Kesho yake akabadilisha maji. Keshokutwa akachuma mwiba. Yeye aliyeyaita mambo yale uchafu wa Roma sasa aliinamia ile sarafu yenye sikio kana kwamba anasikiliza inachosema. Aliendelea palepale baba alipoishia, kwa mkono mwepesi kuliko wa baba, na nadhani hizo ndizo saa pekee alizokuwa hajifanyi mzima.

Nilisimama pembeni nikamtazama. Baba alisema kuna mtu kafunikwa na udongo, anatolewa taratibu. Baba mwenyewe walimfunika na udongo. Na sasa mama amekaa anatoa udongo, hasemi na mtu, ana huzuni na ana subira. Mtoto wa darasa la kwanza angefikiri nini kingine? Nilijawa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Kila jioni nilimwuliza, "Mama, umefika wapi?"

"Nimeipita nyusi," alijibu. Na siku moja, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, "Nimefika puani. Njoo uone."

Niliona. Pua ilikuwa ndefu, kama ya baba.

Kesho yake tulipokuwa tukicheza rede nikamnong'oneza Devota, "Baba yangu anarudi. Mama anamtoa kwenye udongo. Kwa mwiba. Ameshafika puani."

Devota akatoa macho. "Anapumua?"

"Bado."

Basi, hayo ndiyo maneno yangu. Ndiyo yanayochekewa kwenye kicheni pati. Nimeambiwa utotoni, nimeambiwa ukubwani, na sasa nimeambiwa nikiwa nimevaa kitenge cha sare mezani kwamba mie ndiye niliyeanzisha. Sikubali. Nilikuwa mtoto niliyefiwa, ambaye hakuna mtu mzima aliyejisumbua kunieleza kifo ni nini. Walioanzisha ni watu wenye akili zao timamu waliosikia maneno ya mtoto na badala ya kumhurumia wakasema: mjane yule ana msukule. Kamtoa mumewe kaburini anamtumikisha.

Na wa kwanza kusema alikuwa Mama Devota, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali. Hapa ndipo damu inaponichemka. Mama Devota alijua. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua tu. Alipokuja kumjulia hali baba, baba alimwekea sarafu kiganjani akamweleza padri, shamba, ukoko, kila kitu. Alisema, "Ehee, kumbe mambo ya kusoma haya," akaomba chai. Kwenye msiba alipikia sufuria zetu. Hakuwa mgeni wa lile bakuli hata kidogo.

Lakini wiki ile ile niliyomnong'oneza Devota, jicho la mwanawe Deo lilivimba. Deo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale barabarani, kijana mwenye bidii, na kila mtu alimwona akichomelea kwa macho matupu, cheche zinamrukia usoni, au akijikinga kwa miwani ya jua ya kununua kwa machinga. Jicho la mtu wa namna hiyo likivimba, unauliza nini? Mtaa wetu ukauliza nani ana mwiba.

Mambo yalibadilika upesi. Devota akakatazwa kucheza na mie. Asubuhi tukawa tunakuta chumvi imemwagwa kizingitini. Dada aliyetuuzia mchicha miaka yote akaanza kutandaza jani kiganjani kabla hajapokea hela ya mama, asiiguse. Mama aliliona lile jani akasimama nalo uso kwa uso, hela mkononi, nikadhani atamkemea. Akairudisha hela kwenye pochi, tukala maharage.

Kisha vijana wenzake Deo wakaanza kukaa kwenye kona yetu na mawe. Hawakutupa. Waliyarusharusha mkononi tu mama alipopita akitoka kazini, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Ndo huyo."

Jumamosi mchana wakaja wageni: Mama Devota, wanawake wawili wa jumuiya, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiuza vitenge Kawe. Wao ndio waliokwenda kumwita. Niliwaamkia wote, wakaitikia marahaba, wakaniambia nikacheze. Nilikwenda nyuma ya pazia.

"Wifi," shangazi alianza, "mie haya mambo siyaamini. Kaka yangu alinionyesha hizo pesa. Lakini vijana wameshika mawe hapo nje. Nimewaona."

"Umewaambia waondoke?" mama akauliza.

"Wataniskiliza mie?"

"Mama yake Deo amekaa hapo pembeni yako. Yeye atasikilizwa."

Mama Devota akavuta kanga yake. "Mama Tuma, hatujaja kugombana. Sie ni wenzio. Kama ni pesa tu, zioshe. Zioshe mbele ya watu, kwa ndimu na majivu kama mtu anavyoosha chombo chochote, tuone, tushike, yaishe. Kitu kisicho na neno hakiogopi kuoshwa."

"Nikiziosha hivyo hazitabaki na kitu."

"Ndiyo tunachotaka," alisema Mama Devota. "Zisibaki na kitu."

Mama alijaribu. Alisema atazirudisha seminari. Wakasema huko ni kupeleka balaa kwa wengine. Alisema atazipeleka makumbusho mjini, wasomi wazitunze. Mmoja akacheka: kwa nini hajazipeleka siku zote, kama ni za wasomi? Alisema basi ataziosha zile nyingine zote, ila ile moja yenye sura aachiwe. Ile moja ndiyo hasa waliyoitaka.

"Wifi, ni shaba," shangazi akasema, sasa analia. "Ni kipande cha shaba tu. Nichague shaba au mtoto wa kaka yangu?"

"Kwa hiyo huamini," mama akasema polepole, "ila unataka nifanye kana kwamba unaamini."

"Nataka mlale salama."

Mama aliwaambia atawajibu kesho. Walipoondoka alikaa na bakuli, hakushika mwiba. Nadhani alikuwa akipima. Akiziosha, anakiri mbele ya mtaa mzima kwamba zilikuwa na uchafu wa kuoshwa, na kwamba mumewe alikufa akichezea uganga. Asipoziosha, kuna kona, kuna mawe, na kuna mie ninayepita pale kila siku kwenda shule. Nikiwa mtu mzima nimewahi kumlaumu moyoni kwamba angekataa. Kisha nikazaa, nikaacha kumlaumu. Wa kulaumiwa ni waliomwekea uchaguzi wa namna ile mezani na kuuita msaada.

Jumapili mama aliwaambia ataziosha, na baada ya ibada walijaa uani kwetu. Deo alikuwepo, jicho limefungwa kitambaa. Mama alikuwa bado na gauni lake la kanisani. Kulikuwa na ndoo, ndimu zilizokatwa, majivu kwenye kifuniko, na waya wa kusugulia sufuria. Alichuchumaa akaanza na zile zenye udongo. Udongo ulitoka, povu likawa la kijani, na chini yake ikaja rangi nyekundu ya shaba, inang'aa, mpya. Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Walizipokezana mkono kwa mkono. Zilikuwa laini pande zote mbili. Zingeweza kuwa vifungo.

Kisha akaichukua ile yenye sura. Kufikia hapo alikuwa ameyafikia macho, nilimwona mwenyewe Ijumaa, jicho moja limefunguka. Akakamulia ndimu. Akachukua waya.

Ndipo nilipoelewa kitakachotokea. Nikapenya katikati ya kanga zao nikamshika mkono.

"Mama usimfute baba! Mama, ameshafungua jicho! Usimfute!"

Nakumbuka nyuso zao. Nilikuwa mdogo, lakini uso wa mtu anayeelewa jambo nilikuwa naujua. Waliangalia kile kisarafu, wakaniangalia, na nawaapia waliona kila kitu: waliona kwamba msukule wao ulikuwa ndoto ya mtoto anayemtaka baba yake. Shangazi alijifunika mdomo. Yule dada wa mchicha akatazama chini. Ilikuwa imebaki nafasi ya mtu mmoja tu kusema "Basi, inatosha." Lilikuwa jambo la neno moja.

Mama Devota akasema, "Malizia tu, Mama Tuma. Jua kali."

Mama aliutoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, akasugua. Hakulia. Alisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ndimu ikimwingia kwenye mikwaruzo ya vidole, kisha akaisuuza na kuinyoosha kwao.

"Haya. Ni safi. Nani anaitaka?"

Hakuna aliyeipokea. Wakaanza kukumbuka mapishi waliyoyaacha jikoni.

Alasiri ile mama alinipeleka makaburini. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Alinikalisha karibu na msalaba wa mbao, akaniambia bila kupindapinda kile ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. "Yule kwenye sarafu alikuwa mfalme wa watu wengine, hata jina lake hatulijui. Baba yako amekufa. Yuko hapa, na hapa hatuchimbi." Nililia mpaka nikachoka, naye akaningoja.

Deo alipelekwa hospitali wiki iliyofuata, maana jicho halikupona kwa sarafu kuoshwa. Daktari alitoa chembe ya chuma, akamgombeza kwa kufanya kazi bila miwani ya fundi. Jicho likapona, na Deo alilisimulia lile jambo mwenyewe, hakuficha. Nikadhani sasa watakuja. Nilikaa kibarazani nikiwasubiri waje kuomba radhi, maana nilifundishwa kwamba ukimkosea mtu unamwendea. Hakuja mtu. Mama Devota alitangaza sala ya shukrani nyumbani kwake, kumshukuru Mungu kwa kumponya Deo na kwa kuusafisha mtaa.

Nilidhani mama hataenda. Alivaa nguo zake za kazini, akanishika mkono, tukaenda. Tulikaa mkekani katikati. Aliimba nyimbo zote. Alimsikiliza Mama Devota akishukuru kwa sauti ya kutetemeka kwamba shetani ameshindwa. Shangazi, aliyekuja toka Kawe, aliangalia kucha zake muda wote.

Mwisho wakasema tupeane amani. Watu wakaanza kushikana mikono, na Mama Devota akaja moja kwa moja hadi kwa mama, uso umejaa tabasamu, akanyoosha mkono. "Amani, Mama Tuma."

Mama alimtazama. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole bado vina makovu ya ule waya, na haikutoka pale. Chumba kizima kiliona. Mkono wa Mama Devota ulining'inia hewani, kisha, kwa kicheko kidogo, akaugeuzia kwangu.

"Basi nipe wewe, mwanangu. Watoto hawana kinyongo."

Tangu nijue kusema sikuwahi kumnyima mkubwa mkono wangu. Nilimtazama mama anielekeze. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, aliniachia mwenyewe. Nikaikunja mikono yangu, nikaiweka mapajani.